Kupimwa macho na hedseti ya VR hapa Mombasa: nimempeleka babangu mara mbili, niulizeni mimi

Nianze na bei manake najua wengi ndo mnachotafuta. Kipimo cha macho yote mawili kwa hiyo hedseti, mtambo wa kuvaa usoni wenye skrini ndani, 2,500, kuongea na daktari kwenye video 1,500 juu yake, M-Pesa, risiti utapewa ukiiomba, usipoiomba basi. Duka sitalitaja jina kwa sababu nina mazuri ya kusema na nina mabaya, na yule binti anayefanya kazi pale simtaki aingie matatani kwa makosa ya bosi wake. Liko mjini, si mbali na Mapembeni, zile pembe kubwa za ndovu za barabara ya Moi, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba na lifti hakuna, kwa hivyo kama mgonjwa wako ni wa magoti jipangeni mapema.

Babangu ana miaka 71, alikuwa dereva wa kreni bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na ana presha ya macho, ile glakoma. Tulijua kwa bahati tu, alienda kutafuta miwani ya kusomea gazeti, akaangaliwa akaambiwa mzee jicho lako la kushoto lishaanza kuliwa pembeni, na yeye hana habari. Ndo ubaya wa ugonjwa huu, mara nyingi hauumi, hauwashi, hautoi machozi, waanza kula pembezoni pole pole na hapo katikati waona sawa tu, wasoma, wamjua mtu akiwa kule, sasa utajuaje? Mwaka mzima mzee alikuwa ajigonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni sisi twasema uzee huo. Na kilichoenda hakirudi, dawa na upasuaji kazi yake ni kushikilia kilichobaki.

Sasa mtu wa aina hii lazima apimwe kila baada ya muda kuona anaona mpaka wapi akiwa amekaza macho mbele, wenyewe wanakiita kipimo cha fildi. Mashine iliyozoeleka ni ile kubwa ya Humphrey inayotengenezwa na Zeiss, kama bakuli jeupe limelazwa ubavu, wauingiza uso ndani, kidevu kwenye kigingi, paji la uso wasukuma mbele, jicho moja lazibwa, taa za chumba zazimwa, halafu watazama kitaa cha katikati na kila ukiona cheche pembeni wabonyeza. Ni dakika chache kwa kila jicho, lakini kwa mtu wa mgongo kama babangu kukaa ameinama vile ni adhabu. Mombasa hapa mashine hizo zipo, tatizo ni kwamba daktari wake yuko Nairobi, ndiye aliyempasua, na mzee hasikii la mtu, "aliyenitia kisu jichoni na nikabaki naona simwachi". Basi kila miezi sita twapanda treni ya SGR Miritini mimi na yeye, tiketi mbili kwenda na kurudi, kulala kwa shemeji, siku tatu zangu za kazi zimekwenda na maji, kwa kipimo cha robo saa.

Ni daktari mwenyewe aliyetuambia kuna mahali Mombasa wana hedseti na majibu yanamfikia yeye huko huko. Shemeji akacheka kwenye simu akasema huo mchezo wa watoto wa gemu mnaupeleka hospitali. Nikamwambia kupima macho daktari akiwa mbali si jambo la juzi, tena hapa hapa Kenya lishafanywa, ile Peek ya daktari Andrew Bastawrous, programu ya simu tu, ilijaribiwa kwa wanafunzi huko Kitale, mwalimu ndiye aliyekuwa apima. Hakunijibu.

Tulienda mara ya kwanza Januari, kaskazi imekaza, tumeshuka tuktuk shati limenishika mgongoni. Mzee kapanda zile ngazi anapumzika kila baada ya hatua nne, tumefika juu tukapata kiti na maji baridi, hapo nawapa alama. Kisha ikaja kesi ya kofia. Binti katoka na hedseti, "Shikamuu baba, samahani kofia itabidi tuivue kidogo, mkanda haukai." Mzee kimya. Ile ni kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, tangu nimjue babangu haivuki ela kwa kulala na kuoga. Nikajua safari imeishia hapo. Binti hakubishana naye, akaenda akaleta kitambaa cheupe kisafi akakitandika mapajani mwa mzee, "tuiweke hapa baba uishike mwenyewe", na mzee akaivua. Yaani watu wengi wenye vyeti ukutani hawangeweza hilo. (Mama zetu wenye hijabu wasiwe na wasiwasi, mkanda wapita juu ya ushungi, ila msitie pini nyuma ya kichwa manake itawachoma.)

Hedseti yenyewe ni kama miwani ya kuogelea ya jitu, uzito wote waja mbele puani. Ndani kila jicho lina skrini yake, kwa hivyo hakuna kuziba jicho, mashine yaonyesha cheche kwa jicho la kulia na la kushoto liko wazi lakini halioni kitu, na mwenyewe hujui ni jicho gani linapimwa. Wala hakuna haja ya chumba cha giza. Mzee kaegemea kiti vizuri, mgongo umetulia, mkononi ana kitufe. Hilo peke yake kwangu lilitosha kulipa ile pesa.

Ila sauti sasa. Maelekezo yanatoka mle ndani kwa Kiingereza, tena cha puani cha Marekani. Mzee kavaa, sauti imeanza kumwambia mambo, yeye kageuza kichwa huku na huku anauliza kwa nguvu, "Yuwapi huyo asemae?" Duka zima lilicheka na yeye mwenyewe alicheka. Binti akazima ile sauti akawa anamwambia yeye kwa Kiswahili, tazama nukta ya kati baba, usiikimbize cheche, ukiiona tu bonyeza. Nauliza, mashine ya bei ile mumeileta Mombasa, kurekodi dakika mbili za Kiswahili kwawashinda nini? Na siku binti hayupo je?

Raundi ya kwanza iliharibika. Mzee alibonyeza mpaka pasipo na kitu. Mimi niliyekuwa nje naona kwenye tableti ya binti nukta zinavyoenda, ni nukta 54, na mzee abonyeza kama apigiwa honi. Kumbe mashine ina ujanja wake, kuna mahali inanyamaza kusudi haionyeshi chochote kuona kama utabonyeza, na kuna mahali inatupa cheche pale ambapo jicho la mtu yeyote halioni. Sote tuna tundu la upofu, upande wa sikio kama digrii 15 kutoka katikati, ndipo mshipa wa jicho unapotokea nyuma, kwa kawaida hulijui kwa sababu jicho la pili linakufichia. Ukibonyeza na hapo basi umetazama kando, umeiba. Na juu ya hayo mna vijikamera ndani vinafuata mboni, jicho likitoroka vinajua. Mashine ikaandika matokeo hayaaminiki. Nikamuuliza mzee mbona hivyo, akanijibu, "Mwanangu mimi miaka 30 niko juu ya kreni, huko ukingoja uhakikishe kwanza kontena lishamshukia mtu." Binti akaanza upya bila kuongeza hata shilingi, akamwambia baba leo hakuna kontena, usipoona acha ipite. Raundi ya pili ilikwenda.

Katikati ya jicho la kushoto stima ikapotea. Hapo nikaiona faida ya VR, hedseti ina betri, mzee ndani hajui hata kama kumekuwa giza, anabonyeza tu. Lakini AC imezimika na waifai imezimika. Dakika tatu joto lishapanda, mzee anasema naona ukungu, nikashtuka nadhani ni jicho, kumbe vioo vya ndani vimeshika mvuke wa jasho kama kioo cha gari mvua ikinyesha. Wakasimamisha, wakafuta, wakampepea kwa kalenda ya ukutani. Ripoti ilitumwa Nairobi kwa bando la simu ya binti mwenyewe, nilimuona kwa macho yangu ananunua, nikamrudishia pesa yake. Duka linalouza fremu za elfu ishirini halina jenereta wala hata kibetri cha kushikilia waifai, aibu hiyo.

Nisimulie sasa sehemu ya daktari manake ndo iliyonifanya niandike haya yote. Kaja kwenye skrini, kamsalimia mzee, ripoti anayo mbele, ile ramani ya jicho yenye weusi mahali usipoona. Akasema la kulia liko vizuri, la kushoto ndilo lenye weusi. Akatwambia wazi kwamba hawezi kuipandanisha na zile za bakuli za miaka ya nyuma akasema umeongezeka au umesimama, mashine mbili tofauti ni mizani mbili tofauti, hii ndo mwanzo mpya na tutalinganisha hedseti kwa hedseti. Na skrini ya hedseti haiwezi kutoa mwanga mkali kama wa lile bakuli, kwa hivyo jicho lililoharibika sana laweza kukosa kupimwa vizuri. Akasema basi bakuli mara moja kwa mwaka bado litabaki. Safari mbili zimekuwa moja, nashukuru.

Halafu akamuuliza, baba dawa unatia? Mzee natia, kila usiku, siruki. Daktari akasema hebu tia hapa nikuone. Chupa tulikuwa nayo. Mzee akainua kichwa, akainua chupa, mkono watetemeka kidogo, tone la kwanza likamwangukia shavuni. La pili likaingia kwenye ndevu. La tatu ndo likaingia jichoni, na hapo hapo akapepesa kope mara kumi likatoka lote. Mimi nimesimama pale nimepigwa na butwaa. Miaka yote hii, dawa ya pesa ile, twainunua kila mwezi, yaisha mapema namlaumu wa duka la dawa kwamba chupa haijai, kumbe yanywewa na ndevu! Na katika safari zote za Nairobi hakuna aliyewahi kumwambia tia tuone, huko ni foleni, wapimwa, waandikiwa, ondoka.

Daktari akanifundisha mimi kwenye kamera: vuta kope la chini ifanyike kama mfuko, tone moja tu ndani, funga jicho bila kupepesa, halafu kidole kwenye kona ya jicho pale karibu na pua ukandamize dakika moja mbili ili dawa isiteremke kooni. Akauliza pia mzee ana pumu? Hana, lakini akasema kuna matone kama timolol ambayo mwenye pumu hatakiwi kuguswa nayo, watu wasipeane chupa nyumbani. Na ile latanoprost ambayo haijafunguliwa ni ya kuwekwa friji, sisi tulikuwa twaiweka dirishani jua lote la Kisauni lamulika hapo. Kwa hiyo ukiniuliza kilichomsaidia babangu ni nini, hedseti au zile dakika kumi za video, nitakwambia video.

Nilijipima na mimi siku ile ile. Nina miaka 43, ugonjwa huu unatembea kwenye familia na sisi Waafrika unatukamata zaidi, nikasema nimeshafika wacha nijue. Dakika kumi baadaye naona kwenye tableti jicho langu la kulia mstari mweusi juu wote, kutoka huku mpaka huku. Moyo ulishuka mpaka kwenye viatu. Daktari akanitazama akauliza jana ulilala saa ngapi? Nilikuwa zamu ya usiku. Akasema huenda ni kope limekulalia, ama hedseti ilishuka, weusi wa juu namna hiyo mara nyingi ni hivyo, na kipimo cha kwanza watu wengi huharibu kwa ugeni, rudi ukiwa umelala. Wiki nzima nilikuwa nikikaa nafumba jicho moja natazama feni. Nikarudi, nikalala vizuri kwanza, nikanywa chai, nikapima, mstari haupo! Walinitoza nusu bei. Kwa hiyo jamani usiende umechoka na usiende peke yako ukaona weusi ukajifia kwa hofu.

Lakini daktari hakuniacha hapo. Akaniambia ramani safi haitoshi, nenda kwenye kliniki upimwe presha ya ndani ya jicho na uangaliwe mshipa wa jicho kwa nyuma. Nilienda, nikatiwa dawa ya kupanua mboni, nikatoka nje jua la saa saba limenipiga nikarudi nyumbani nimefunika uso kwa gazeti kama mwizi. Presha ilikuwa 16, kawaida ni kati ya 10 na 21, ingawa wapo wenye namba nzuri na glakoma wanayo, ndo maana mshipa lazima uangaliwe.

Na hapa ndo penye ugomvi wangu na duka hili. Pale mlangoni kwenye ngazi kuna bango kubwa, mwanamke kavaa hedseti acheka, chini imeandikwa uchunguzi kamili wa macho kwa dakika kumi. Kamili ya wapi? Hedseti ile haipimi presha. Haioni mshipa. Haimwoni mtoto wa jicho. Haijui kama sukari imekuharibia nyuma ya jicho. Inapima unachokiona na usichokiona, na hilo inalifanya vizuri, basi.

Mara yetu ya pili, Julai, tulikaa kwenye benchi na mama mmoja kavuka feri asubuhi kutoka Likoni, ana sukari miaka mingi, kaona lile bango akaja. Kapimwa, kijana wa mauzo (si yule binti, huyu ni mwingine, wa tai) akamwambia mama macho yako safi kabisa, labda nikuonyeshe fremu. Hata daktari wa video hakuunganishwa naye manake hakulipia ile 1,500. Mama kafurahi, anakunja leso yake aondoke. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia mama samahani, wewe wa sukari unatakiwa upigwe picha ya nyuma ya jicho, hii uliyofanya siyo, nenda hospitali kuu ya Makadara au kliniki yoyote ya macho uwaambie una sukari. Kijana wa tai alinikata jicho, nami nikamkata. Mama akauliza "kwani hii nilipimwa nini?" na hakuna aliyemjibu pale.

Kingine ni usafi. Mnakumbuka mapema 2024 macho mekundu yalivyotembea Pwani, nyumba nzima watu wamevaa miwani ya jua usiku. Sasa hedseti ni sponji inayokaa usoni kwa kila anayekuja, na jasho la huku. Mara ya kwanza binti alibandika kikaratasi kipya na kufuta kwa spiriti mbele yetu. Mara ya pili vikaratasi viliisha, kijana wa tai akataka kumvalisha mzee hivyo hivyo, sponji bado la maji maji. Nikakataa. Tulingoja dakika arobaini kitafutwe. Ukienda uliza, usione haya, na kama jicho lako jekundu kaa nyumbani.

Ile Julai yenyewe kipimo kilikwenda raundi moja tu. Mzee kaingia kavua kofia kabla ya kuambiwa, kamuuliza binti "yule Mmarekani bado yumo?", hakubonyeza ovyo, mashine ikakubali. Daktari kalinganisha na ya Januari, weusi umesimama pale pale. Presha tulikuwa tumepima kliniki nyingine asubuhi hiyo hiyo nikamtumia namba. Akamwambia tena tia tone nione, na tone likaingia la kwanza. Mzee alinitazama kama aliyepasi mtihani.

Kwa mwenye glakoma anayejulikana tayari na daktari wake yuko mbali, nawapa nyota nne na ningempeleka babangu tena, Januari tutarudi. Kwa mtu anayeingia tu kutoka barabarani kutaka kujua macho yake yakoje, nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya binti. Bosi nilimpata kwenye simu, nikamweleza habari ya bango na ya yule mama wa Likoni, akanishukuru sana akasema wiki hiyo hiyo litabadilishwa. Juzi nimepita na tuktuk usiku, bango ni lile lile, wamelitia taa.